Breki pedi za IST: gereji wanataka laki tano na ushee

Naandika nikiwa bado na hasira, kwa hiyo mtanivumilia. Nyumbani wanajua hasira yangu haiishi kwa kulala.

Gari ni IST, zile zile zinazojaa Morogoro Road kila asubuhi. Nakaa Kimara, maana yake maisha yangu ni foleni na miteremko, na vyote viwili vinakula breki. Lilianza kulia kwa mbele, kilio chembamba kila nikikanyaga, nikiachia kinakata. Kilio hicho ni cha kutengenezwa: breki pedi nyingi zimewekewa kibati kidogo, pedi ikikaribia kwisha kinaanza kugusa diski, lile sahani la chuma linalozunguka na tairi, ili dereva asikie mapema. Ukijifanya husikii, kilio kinageuka mkwaruzo, chuma kwa chuma, na hapo diski ndiyo inayoliwa. Mimi nilisikia, nikalipeleka gereji.

Na sikulipeleka chini ya mwembe. Nilichagua ile yenye vigae, kiyoyozi, televisheni na dada wa mapokezi anayekukaribisha kwa jina. Niseme haki, kahawa yao ni nzuri na gari nililikuta limeoshwa. Basi, sifa zimeishia hapo.

Nimekaa pale hadi kahawa ya pili, akaja kijana ameshika kishikwambi, ananukia vizuri, kucha hazina hata tone la grisi. Akanisomea profoma, yaani makadirio ya bei. Pedi za mbele 95,000. Diski mbili 260,000. Kusafisha mfumo wa breki 40,000. Ufundi 60,000. Ukaguzi 30,000. Hapo ni 485,000, weka VAT ya asilimia 18, ikafika 572,300. Nikamwambia kijana, mdogo wangu, hebu rudi nyuma kidogo. Nimekuja na kilio cha pedi, hizi diski zimeingiaje?

"Zimekwisha, dada."

Zimekwishaje? Diski si nguo, useme imechakaa kwa kuitazama. Diski inapimwa unene, na nyingi zimegongwa juu ya chuma chenyewe ule unene wa mwisho ambao ukishuka chini yake unatakiwa kubadilisha. Nikamwomba anionyeshe. Mteja haruhusiwi kuingia eneo la kazi, ni mambo ya usalama. Sawa, hilo naliheshimu. Basi nipigie picha ya kipimo, kaa nayo hapo hapo kwenye kishikwambi chako, mimi nitaangalia. Akacheka kidogo, kile kicheko cha puani, halafu akasema maneno ambayo mpaka leo nikiosha vyombo nayasikia:

"Madam, haya ni mambo ya kiufundi. Kama vipi mpigie shemeji niongee naye, tutaelewana."

Shemeji! Shemeji yupi? Gari hili nimeliagiza mwenyewe, ushuru nimelipa mwenyewe, bandarini nimesimama juani mwenyewe, na kadi ina jina langu mimi. Huyo shemeji ungempata ungemwambia nini ambacho mimi siwezi kuambiwa? Ungempa kipimo? Maana kipimo hukuwa nacho! Wenzangu waliokuwa wamekaa kwenye makochi, wanaume watatu, wakainamisha vichwa kwenye simu zao kama wanafunzi walioulizwa swali gumu.

Nikasema nipeni gari langu. Wakasema kwanza nilipe ukaguzi. Nikalipa ile 30,000, tena dada wa mapokezi akaniuliza kwa sauti ya chini kama nataka na risiti au bila risiti. Na risiti, tafadhali, na karatasi ya ukaguzi. Karatasi nikapewa. Kwenye diski wameandika "mbaya". Neno moja. Hakuna namba, hakuna milimita, hakuna kulia wala kushoto. Elfu thelathini kwa neno moja.

Hapo ndipo nilipoamua nitafungua tairi mwenyewe, na hapa naomba niwe mkweli kuhusu hesabu, kwa sababu watu wanaosema "fanya mwenyewe ni rahisi" huwa wanahesabu pedi tu.

Pedi nilinunua Kariakoo, upande wa Gerezani. Ukifika usiseme tu "nipe za IST". Nenda na kadi ya gari wasome namba ya chesisi, maana gari la jina lile lile lina pedi zinazofanana kwa macho lakini haziingii kwenye kalipa, kile kibanio kinachoshika pedi. Muuzaji aliniuliza, "Dada yangu, unataka ya kukaa au ya kusogeza siku?" Alikuwa nazo za kuanzia elfu kumi na tano mpaka elfu hamsini, na maboksi mawili ya bei tofauti kabisa yalikuwa na nembo ile ile. Nikamwuliza ipi ni ya kweli. Akanijibu kwa utulivu kwamba zote ni za kweli, ila moja ni ya kweli zaidi. Nikachukua ya 45,000. Wale wa Tume ya Ushindani wanaokamata bidhaa bandia, karibuni sana mtaa ule, kazi ipo.

Kisha vifaa. Jeki na wili spana zilikuja na gari. Boksi la spana 35,000. Stendi mbili za kuwekea gari likishainuliwa 70,000, na hizi usibane matumizi, jeki ya gari dogo ni ya kubadilishia tairi barabarani, si ya kukaa nayo huku umeingiza mikono chini. Klampu ya kurudishia pistoni, ile inayosukuma pedi, 12,000. Msasa na grisi ya breki 8,000. Jumla 170,000. Fundi wa mtaani kwetu anabadilisha pedi za mbele kwa 15,000 ya ufundi ukija na pedi zako, yaani 60,000 umemaliza na umerudi nyumbani. Kwa hiyo mara ya kwanza kufanya mwenyewe nimemzidi fundi wa mtaani kwa zaidi ya laki moja. Atakayekwambia ameokoa hela siku ya kwanza, mwulize spana kaazima wapi.

Ila hela sikuwa naitafuta. Nilikuwa nataka kuiona diski.

Mzee jirani yangu ni dereva mstaafu, ameendesha malori ya Tunduma miaka na miaka, mlima Kitonga ameushuka na mzigo enzi zake mpaka anaujua kona kwa kona. Nikamwamkia, nikamweleza. Akasema, "Mwanangu, lete kiti." Akakaa kivulini na chai yake, hakushika hata nati moja. Alikuwa anaelekeza kwa fimbo. Gari kwenye saruji, handbreki juu, mawe nyuma ya matairi. Legeza nati kabla ya kuinua. Inua, weka stendi, litikise kabla hujachomoa tairi. Fungua boliti ya chini ya kalipa, inyanyue kwa juu kama mfuniko. Nilipotaka kuing'oa kabisa niiache ining'inie kwa mpira wake wa mafuta, fimbo ikagonga saruji: "Huo mpira ndio umebeba breki yako! Ifunge na waya."

Kwa fundi vyuma wa jirani tukaazima venia, kifaa cha kupimia unene. Nikapangusa diski pale penye maandishi, nikasoma kikomo, nikapima sehemu kadhaa, kulia na kushoto. Bado ilikuwa na zaidi ya milimita moja juu ya kikomo. Nikapima tena. Mzee akaomba apime naye, akavaa miwani, akasema, "Hii bado inakula ugali." Kwa hiyo 260,000 ya diski ilikuwa ya nini? Sitaki kusema walinidanganya. Kudanganya kunahitaji kwanza mtu aujue ukweli, na hawa sina hakika kama tairi walilifungua.

Lakini subirini, kuna kubwa zaidi. Nilipotoa pedi za upande wa kushoto, ya ndani ilikuwa imebaki kama kadi ya simu na ya nje bado ina nyama. Mzee akacheka. Kalipa hizi zinateleza juu ya pini mbili. Pini zikikauka au kushika kutu, kalipa haitelezi, pistoni inasukuma pedi ya ndani peke yake na ya nje inabaki mtalii. Kweli, pini moja ilitoka kwa kuivuta na kuizungusha, kavu kabisa, ina kutu. HUO ndio ulikuwa ugonjwa wa gari langu. Ningelipa 572,300, ningepewa diski mpya na pedi mpya juu ya pini iliyoganda, na baada ya muda mfupi ningerudi kwenye kochi lile lile nanywa kahawa nzuri. Kwenye profoma neno pini halimo!

Tukaisafisha kwa msasa laini, tukapaka grisi ya breki. Si grisi yoyote: ya kawaida ya bearingi inavimbisha vile vimpira vya pini. Na grisi isifike kwenye uso wa pedi wala diski. Kurudisha pistoni tulitumia pedi kuukuu na klampu, polepole, huku kifuniko cha mafuta ya breki kimefunguliwa na mzee anachungulia yasifurike, kwa sababu yale mafuta yakimwagikia bodi yanabambua rangi. Wengi wa mtaani kazi hii wanaifanya kwa bisibisi na nguvu. Nimewaona.

Mlipofika hapa msije mkaniponza. Ukishamaliza, usiwashe gari ukaondoka. Pistoni uliirudisha nyuma, kwa hiyo kanyagio la kwanza linazama mpaka chini, huna breki kabisa. Kanyaga, achia, kanyaga, mpaka pedeli iwe ngumu, ndipo uangalie kiwango cha mafuta, ndipo usogeze gari taratibu uwani. Mzee alinikataza hata kugusa ufunguo kabla ya hapo. Baadaye tukatoka naye, barabara tupu, breki za taratibu tupu, hakuna kufunga ghafla, ili pedi mpya zikae na diski.

Ilichukua asubuhi yote na mchana ukaingia. Mgongo uliniuma, na suruali ile sasa ni ya kuoshea banda la kuku. Fundi wa mtaani angemaliza kabla chai ya mzee haijapoa. Kwa hiyo ukiniuliza kama nakushauri ufanye mwenyewe, nitakwambia hapana. Kama huna mtu anayejua wa kukaa pembeni yako, hapana kabisa, breki si taa ya ndani. Na kama gari lako lina handbreki ya kitufe, breki za nyuma usiziguse, zile zinataka kompyuta iiambie mota ifungue kwanza. Hata mimi za nyuma zangu, za dramu, zenye masipringi yale, sizifungui. Nenda kwa fundi wa mtaani, beba pedi zako, lipa elfu kumi na tano yako, simama pale pale. Mkataze kupuliza vumbi la breki kwa upepo, pedi za zamani zilikuwa na asibestosi, ambayo vumbi lake linadhuru mapafu, na hujui ya kwako ilitoka wapi. Mwambie azitoe pini uzione.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimepanga kumalizia. Nilitaka hata kuipa gereji ile nyota mbili, moja ya kahawa na moja ya kuosha gari, kwa sababu kodi ya jengo wanalipa, umeme wanalipa, na wapo watu wasiotaka kusimama juani na hela yao si ya kuhesabu. Sina ugomvi na 60,000 ya ufundi.

Halafu juzi wakanitumia ujumbe. "Mpendwa mteja, ukaguzi wetu unaonyesha diski za gari lako ni hatarishi. Rudi wiki hii upate punguzo la asilimia 10." Ukaguzi wetu! Nikawapigia, nikaomba jambo moja tu, namba. Nitajieni unene wa diski yangu kwa milimita, kulia na kushoto, nitakuja na hela mkononi leo hii. Dada akaniomba nisubiri, muziki ukapigwa, ukapigwa, kisha ikaja sauti ile ile ya kijana wa kishikwambi: "Samahani, naongea na mwenye gari?"

Nyota sifuri. Kahawa nitachemsha nyumbani.

Breki shuu za nyuma, zile zinazofanya kazi ya pedi ndani ya dramu, nazo zimebaki kidogo. Anayemfahamu fundi wa dramu kati ya Kimara na Mbezi, anayemruhusu mteja kusimama pembeni na anayemiliki venia, aniambie na bei yake kabisa. Venia naweza kuja nayo.