Nimetafuta babu yetu kwa nyaraka, kumbe ako chini ya jina lingine

Jina la ofisi nitaliacha, ila chumba chao cha kusomea nyaraka nimekitumia siku mbili. Kuingia ni rahisi, unajiandikisha, begi inabaki nje, kalamu ya wino hapana, penseli tu. Shida ni katalogi.

Mimi ni Mnubi wa Kibra (hiyo Kibera ni yenu), babu ya baba yangu alikuwa askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la mkoloni Mwingereza) na nyumbani tumekua tukisikia habari ya shamba pasi, kile kikaratasi wazee walipewa cha kuwaruhusu wakae na walime pale. Basi nikatafuta Nubi, hakuna kitu. Nubian, zikatoka mbili tatu za juzi juzi. Nilikuwa nafunga daftari niende zangu ndio mzee mmoja anayesukuma toroli ya mafaili akaniuliza, "Unatafuta nini, mwanangu?" Nikamwambia. Akacheka, "Hapa nyinyi ni Wasudani, andika Sudanese." Weuh! Orodha ikajaa. Yaani miaka yote tumo humo humo kwa jina la mkoloni, na hakuna mtu amewahi kuandika hata kijikaratasi cha kuelekeza.

Sasa kusoma ndio kulinichosha roho, juu kila faili ni bwana DC, mkuu wa wilaya wa mkoloni, analalamika, mara pombe kali ya Wanubi (jini, ile gin), mara tuhamishwe wapi, mara sisi ni watu tuliopoteza kabila. Wanawake wametajwa kwa kupika pombe tu, gurbaba zao (zile nguo za kujifunga) na vikapu vyao hakuna aliyeviona. Lakini kulikuwa na barua moja ya wazee wenyewe, imepigwa taipu, chini alama tano za dole gumba, wino wa zambarau umefifia. Hiyo niliikalia karibu saa nzima.

Na si mambo ya kale tu. Mimi nikichukua kitambulisho niliulizwa karatasi za babu, na hati ya ardhi tuliyopewa 2017 ni ekari 288, pale palipokuwa na zaidi ya 4,000. Karatasi ndio hutusemea.

Fotokopi nililipia kurasa kumi, zikaja tisa, na iliyokosekana ni ile ya madole gumba. Nimepiga simu mara mbili naambiwa ni mashini.

Nyota tatu, mbili ni za mzee wa toroli.