Uzoefu wangu: upasuaji wa mguu uliovimba baada ya saratani

Nimeulizwa sana kama upasuaji niliofanyiwa, wa kuyafungulia njia maji yaliyokwama mguuni, unaponya. Hauponyi kabisa. Mguu wangu sasa ni mwepesi, unaingia kwenye kiatu cha kawaida, na ile homa ya ghafla inayokuja na mguu kuwa mwekundu na wa moto imepungua mno. Soksi ya kubana bado naivaa. Hata hivyo, ningeambiwa nichague upya, ningefanya tena.

Mguu wa kushoto ulianza kuvimba baada ya matibabu ya saratani ya shingo ya kizazi. Nilitolewa tezi za nyonga, nikapigwa mionzi, njia za limfu (yale maji ya mwilini yanayopaswa kurudi kwenye damu) zikaharibika. Hapa Dar kila aliyeniona alisema ni matende, na wapo walionishauri niende kwa mganga. Matende huletwa na minyoo inayoenezwa na mbu. Mimi sikuwa nayo, ingawa kinachokwama mguuni ni maji yale yale ya limfu. Nilifungwa bandeji na kukandwa na mtaalamu wa fiziotherapia, ikasaidia kweli, ila nikilegeza kidogo tu mguu unajaa tena.

Ndipo nikaenda Chennai, India. Kipimo kilinigusa kuliko hata upasuaji wenyewe. Wanachoma sindano za rangi ya kijani, indosianini, katikati ya vidole vya mguu (inauma, tusidanganyane), kisha wanazima taa na kamera maalumu inaonyesha limfu inavyopita chini ya ngozi. Mguu wa kulia ulitoa mistari iliyonyooka hadi juu. Wa kushoto, mistari ilipanda kidogo kutoka kifundoni ikapotelea kwenye ukungu mweupe uliotapakaa mpaka gotini. Daktari akachukua kalamu, akachora kwenye ngozi yangu kila mshipa uliokuwa bado unasukuma. Nililia pale kitandani, kwa sababu kwa mara ya kwanza niliona kwa macho yangu kinachonisumbua.

Walichofanya ni kuunganisha mishipa ya limfu na vishipa vidogo vya vena (inayorudisha damu moyoni), ili maji yapate pa kutokea. Mishipa hiyo haifiki hata upana wa milimita 1, kwa hiyo wanashona wakitazama kwa darubini. Nilipigwa ganzi ya sehemu tu, nikawa macho muda wote. Kulala bila kutikisika kwa saa nyingi ndiko kulikonichosha. Makovu ni mafupi na hayaonekani sana.

Dada zangu, si kila mguu unafaa kwa njia hii. Daktari aliubonyeza wangu kwa kidole gumba, shimo likabaki: maana yake bado ni maji. Mzee mmoja niliyemkuta kliniki mguu wake ulikuwa umeshakuwa mgumu, umejaa mafuta, na kuunganisha mishipa hakuondoi mafuta. Yeye alishauriwa kuyanyonya kwa mirija, njia ambayo daktari wa upasuaji Håkan Brorson wa Malmö, Sweden, ameifanyia kazi kwa miaka mingi. Mguu unapungua kweli, ila soksi ni ya maisha; ukiivua moja kwa moja unajaa upya. Ipo pia ya kuhamisha tezi, kwa mfano kutoka tumboni, na kuzipandikiza mguuni. Niliielezwa nikaikataa, maana ni operesheni kubwa na matokeo yake huchukua miezi mingi kuonekana. Na upasuaji wa zamani unaoitwa wa Charles, wa kukata ngozi na nyama ya chini yake kisha kubandika ngozi nyingine, huachiwa miguu iliyoharibika kupita kiasi, kwani kidonda chake ni kikubwa na kovu lake ni baya.

Lawama yangu ni kwa wakala aliyenipangia safari. Aliniahidi nitatupa soksi, na bei aliyonitajia haikuwa na soksi ndani yake. Hizo za kushonwa kwa kipimo ni ghali na huchakaa baada ya miezi kadhaa, kwa hiyo ziwekeni kwenye bajeti tangu mwanzo, pea mbili ili moja ifuliwe. Mkapimwe asubuhi, kabla mguu haujajaa. Kwa joto letu la Dar mimi huvaa yangu mara tu nikiamka, feni ikiwa imewashwa, kwa glavu za mpira ili ipande bila kukunjamana.