Tochi ya "lumeni 90,000" ya Luthuli na fundi wa Kirinyaga Road aliyeifungulia njia ya joto

Wadau, kama unataka kununua zile tochi nene za alumini zimejaa Luthuli Avenue hapa Nairobi siku hizi, zile za boksi nyeusi imeandikwa P70 (jina la aina ya ledi) na lumeni 90,000 (kipimo cha mwanga), soma hii kwanza alafu uamue. Tulichukua moja ya soja wa ploti, 1,800 baada ya kubishana kutoka 2,500, na kusema ukweli ukiiwasha mara ya kwanza unafurahi, mwanga unafika ploti ya tatu na mbwa wote wanaanza kelele. Alafu dakika chache zikipita kwa ile modi ya juu mwanga unashuka, rangi inaenda bluu bluu hivi, na ukishika kichwa cha tochi unashangaa kiko na vuguvugu tu.

Hapo ndio watu wengi wanachezwa. Mtu anasema ah, hii ni poa, haichemki. Enyewe hiyo ni ishara mbaya kabisa, juu joto liko ila halijapata njia ya kutoka. Balbu ya zamani ya waya ilikuwa inatupa joto jingi mbele pamoja na mwanga, lakini ledi (LED, kale kachipu kanatoa mwanga) haiko hivyo, zaidi ya nusu ya umeme unaoingia inageuka joto hapo kwa chipu na hilo joto lazima lirudi nyuma, lipite kwa kapleti kale ledi imekalia, lishuke kwa kikombe cha chuma kinachoshika hako kapleti, lifike kwa bodi ya nje ndio upepo na mkono wako vilichukue. Mahali pamoja tu pakiwa na upenyo linakwama, juu alumini inapitisha joto maelfu ya mara kushinda hewa. P70 halisi, ile XHP70 ya Cree, kampuni ya kutengeneza ledi, imepewa mwisho wa nyuzi joto 150 ndani ya chipu, na hii yetu sidhani imewahi kukaribiana na kiwanda cha Cree.

Lumeni 90,000 nazo ni hadithi. Tuseme ledi ni nzuri na inatoa 150 kwa kila wati, bado unahitaji wati 600. Ndani kuna betri moja ya saizi ya 26650, na hata kama ni 5,000mAh za ukweli hiyo ni wati-saa 18 na nusu hivi, yaani ingeisha chini ya dakika mbili. Wenye duka wanajua. Wanakuwashia sekunde kumi hapo kaunta, unapofuka macho, unalipa. Waranti inaisha ukivuka mlango.

Sasa fundi. Kuna jamaa ako na lethi, mashine ya kuchonga chuma, kwa kichochoro huko Kirinyaga Road, kazi yake ni kuchonga bushi za magari, tochi hajali, lakini ukimweleza unataka nini anakuelewa haraka kuliko mafundi wa simu niliouliza wakaniambia nibadilishe betri. Alifungua kichwa, akatoa riflekta, na madhambi yote yakaonekana. Kale kapleti ka ledi kamegandishwa na gundi nyeupe, donge moja katikati na kando kote hakuna kitu. Chini yake, mahali nilitarajia chuma kizito, ni kibati chembamba na ndani ni uwazi mtupu. Na kikombe chenyewe kinacheza ndani ya bodi, ukitikisa unasikia.

Alichofanya: alichonga kizibo cha alumini kutoka kwa kipande cha skrepa akakigonga kikaingia kwa ule uwazi kwa nguvu, akazungushia kikombe karatasi ya kopa mpaka kikaacha kucheza, akasugua sehemu ya kukalia ledi juu ya kioo na msasa wa 400 alafu 1000 na maji, mgongo wa kapleti pia akausugua. Halafu pesti ya prosesa, ile ya kompyuta, kidogo sana. Hapa nilimpenda, juu wengi wanapaka kama siagi kwa mkate na kazi ya pesti ni kujaza mikwaruzo tu, yenyewe inapitisha joto vibaya kushinda chuma, so ikiwa nene umejirudisha nyuma. Akarudisha waya kwa lehemu, akarudisha na kale kaduara ka plastiki kanakaa kati ya riflekta na ledi. Hako usikubali fundi yeyote akatupe! Riflekta ya alumini ikigusa hizo pointi za lehemu ni shoti, na betri za lithiamu hazina mchezo.

500 kwa kila kitu, pamoja na kizibo. Nilibadilisha betri pia, juu ile ya kuja nayo siiamini.

Jioni hiyo nikampa yule mzee soja tochi yake. Asubuhi ananiambia, "Kijana, umeipeleka ikaharibiwa. Saa hizi inachoma mkono!" Nikamwambia mzee, hiyo ndio kazi tumelipia, ikichoma mkono ndio ujue ledi imepona. Hakukubali. Lakini mwanga haushuki vile ulikuwa unashuka, na ile bluu imeisha kabisa. Bado ukiiacha modi ya juu imesimama juu ya meza bila upepo itachemka mpaka uizime, hiyo hakuna fundi atakutolea, bodi ndogo hivi inaweza kumwaga wati chache tu kwa hewa iliyotulia. Ukitembea nayo kwa baridi ya Julai ni stori tofauti. Modi ya kati ndio nzuri ya kazi, mwanga ukipungua nusu jicho halioni kama ni nusu, na joto linashuka sana. Na isichajiwe ikiwa bado moto, betri nyingi za hizi hazifai kuchajiwa zikipita nyuzi 45.

Tochi kama ilivyotoka dukani naipa 2 kati ya 5, na hizo mbili ni za bodi, juu ni nzito na nyuzi zake za skrubu zinafunga vizuri. Kama unaweza kungoja mzigo kutoka nje, agiza tochi ya Convoy S2+, ni ndogo na haina majigambo ila ledi imekalia kopa tangu kiwandani. Fundi naye 4. Hiyo moja nimemkata juu pesti aliyokuwa nayo ilikuwa imekauka tukalazimika kutembea tena mpaka Luthuli kununua, so beba yako. Na uende asubuhi, mchana lethi inashikwa na watu wa matatu.