Kusafisha Santuri Zilizotumika: Uzoefu Wangu na Beseni la Spin-Clean

Santuri nyingi ninazonunua hapa Mombasa zimekaa miaka mingi katika unyevu wa pwani, na aghalabu huja na ukungu ulioota ndani ya mifereji ambamo sindano hupita, pamoja na mafuta ya vidole vya wote waliozishika. Brashi kavu ya nyuzi za kaboni hupunguza umeme tuli na kuondoa vumbi la juu, nami huipitisha kila kabla ya kushusha sindano, lakini uchafu ulioganda haiuwezi. Santuri za namna hiyo zinahitaji kuoshwa kwa maji, na baada ya kulinganisha njia kadhaa nimechagua beseni la Spin-Clean kutoka Marekani.

Beseni hili halitumii umeme. Ndani yake kuna brashi mbili zinazotazamana, na vigurudumu vinavyohamishwa kulingana na ukubwa wa santuri, iwe ya inchi 7, 10 au 12. Santuri husimamishwa katikati ya brashi hizo, ikazungushwa kwa mkono mara tatu upande mmoja na mara tatu upande wa pili, na nyuso zote mbili zikasafishika kwa pamoja huku lebo ikibaki juu ya maji. Kwa mtu ambaye akiba yake kubwa ni santuri ndogo za rumba na dansi za mizunguko 45 kwa dakika, kuosha haraka namna hiyo ni faida kubwa.

Jambo linaloamua matokeo ni maji yenyewe. Maji ya visima vyetu yana chumvi, nayo yakikauka ndani ya mifereji huacha madini yanayosikika kama mchakacho mpya. Natumia maji yasiyo na madini, yale yanayouzwa katika vituo vya petroli kwa ajili ya kuongezwa kwenye betri, ila ni lazima kumuuliza muuzaji vizuri, kwa kuwa hata tindikali ya betri wengine huiita maji ya betri. Udhaifu wa mabeseni yote ya aina hii ni kwamba santuri ya mwisho huogeshwa katika uchafu wa zilizotangulia. Watengenezaji husema maji ya mara moja hutosha santuri 50. Mimi, penye ukungu, huyamwaga mapema zaidi, kisha kila santuri huisuuza katika chombo cha pili na kuifuta kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Jalada la ndani la zamani silirudishi kamwe.

Mashine za kufyonza, ambazo nimezijaribu kwa rafiki, hushinda beseni katika kukausha, kwani huondoa maji machafu kabla hayajatulia. Hata hivyo nyingi husafisha uso mmoja kwa wakati, zina kelele, na bei yake ni dola mia kadhaa. Baadhi ya zile zinazosafisha kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio huzidi hapo kwa mbali. Mwenye santuri chache za thamani kubwa anaweza kuona gharama hiyo inastahili; kwangu si hivyo.

Onyo moja halina mjadala: santuri za mizunguko 78, kama zile ambazo Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928, hazikutengenezwa kwa vinili, ile plastiki ya santuri za baadaye, bali kwa utomvu wa wadudu uitwao sheleki, na spiriti huuyeyusha. Dawa yoyote ya kusafishia yenye alkoholi isizikaribie, hata kama imeandikwa kwamba ni salama kwa santuri.

Wala kuosha hakurudishi kilichokwisha kulika. Mlio unaorejea mahali palepale katika kila mzunguko, hata baada ya kuosha vizuri, kwa kawaida ni mkwaruzo, na sauti inayochakacha bila kukatika mara nyingi ni alama ya sindano butu ya mwenye santuri wa kwanza. Santuri ya namna hiyo huiosha mara moja, nikapunguza bei ninayoweza kuilipia nyingine kama hiyo, basi.