Kupimiwa fimbo za gofu ulizo nazo tayari: uzoefu wangu

Seti ninayochezea aliniachia kaka yangu aliponunua mpya. Yeye huinama akipita mlangoni. Mimi simfiki begani. Makedi, wale wabeba fimbo, hapa Nairobi walishikilia kwamba mpira wangu unakwenda kushoto kwa sababu ya mikono. Sawa, lakini mbona aironi namba 5, fimbo ndefu ya kichwa cha chuma, ilikuwa inanyooka, na wedji, ile fupi ya mapigo ya karibu, inakosa grini, yaani eneo la shimo, upande uleule kila mara?

Fundi wa kupima fimbo aliona jibu hata kabla sijapasha mwili. Nikisimama kupiga, ncha ya kichwa cha fimbo ilikuwa hewani. Fimbo iliyosimama mno, yaani shafti (mti wake) imekaa wima mno juu ya kichwa, inamgeuzia uso kushoto mchezaji wa mkono wa kulia, na kadiri uso wa fimbo ulivyolala nyuma ndivyo mpira unavyopotea zaidi. Kwa hiyo wedji huumiza kuliko aironi ndefu, na draiva, ile ya mapigo marefu kuliko zote, haisumbuki sana.

Kipimo hiki unaweza kukifanya mwenyewe bila kumlipa mtu. Chora mstari mpirani kwa kalamu ya wino mzito, uuweke mpira mstari ukiwa wima na umeelekea fimbo, kisha piga. Wino unabaki kwenye uso wa fimbo. Ukiwa wima, uko sawa. Ukiegemea upande wa ncha, fimbo imesimama mno. Ukiegemea upande wa shafti, imelala mno. Wangu ulikuwa umeegemea ncha, wala hukuhitaji miwani kuuona.

Alikata nusu inchi kila shafti, ndipo akapima upya pembe ya shafti na kichwa, maana kufupisha kwenyewe huilaza fimbo kidogo. Fundi akitaka kupinda kwanza na kukata baadaye, muulize sababu. Fimbo iliyokatwa huwa nyepesi mkononi kwa upande wa kichwa, kwa hiyo akabandika utepe wa madini ya risasi nyuma ya vichwa. Mwisho akapinda shingo, pale shafti inapoingia kichwani, digrii 2. Zangu ni za chuma cha kumimina, si cha kufua, na akakataa kuzidisha hapo asije akavunja shingo. Hapo ndipo nilipoanza kumwamini. Katika kupima aligundua pia kwamba namba 8 na namba 9 nyuso zake zilikuwa zimelala nyuma karibu sawa. Kumbe ndiyo maana mipira ya fimbo hizo mbili ilikuwa inatua pale pale! Akazitenganisha.

Gripu za kaka, yaani mishikio, zilikuwa nene kwangu. Nyembamba hazikunigharimu sana, na sasa siibani fimbo kama mtu anayening'inia kwenye matatu.

Nilichokataa ni shafti mpya za grafaiti, yaani nyuzi za kaboni, kwa seti nzima. Za majaribio zilikuwa tamu, sibishi, mpira ulipanda vizuri zaidi. Ila bei yake ilipita thamani ya seti yenyewe, na kwa pesa hiyo afadhali utafute seti nyingine ya mtumba iliyo karibu na vipimo vyako. Na zile tarakimu za rada inayopima mpira unavyoruka zisikulevye. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na mpira hapa husafiri mbali. Kashuke nazo Nyali, Mombasa, uone.

Je, ningelipa tena? Kwa urefu, pembe na gripu, ndiyo, bila kusita. Mpira wa wedji sasa unaanza pale ninapolenga, na nikiukosa najua ni mimi. Uliza mapema kuhusu ada: kuna sehemu hukurudishia pesa ya vipimo ukinunua fimbo mpya kwao, lakini mwenye fimbo za zamani analipa vipimo na kazi kando kando.

Draiva hatukuigusa. Ina skrubu shingoni, unaigeuza mwenyewe nyumbani kwa ufunguo wake. Usiigeuze tu katikati ya raundi, kanuni zinakataza.