Nyuma lidumu, mbele lishike: mwongozo wa kununua matairi ya bodaboda

Dereva akiingia duka la spea hutaka tairi moja linaloshika barabara kama gundi na kukaa mwaka mzima. Mpira haukubali hivyo. Mpira laini hung'ang'ania lami hata ikiwa na maji, lakini unalika upesi. Mpira mgumu unadumu, ila mvua ikinyesha unateleza. Kampuni kama Michelin huweka mpira wa aina mbili ndani ya tairi moja, mgumu katikati na laini pembeni, pale pikipiki inapolalia kwenye kona. Teknolojia hiyo imezoeleka zaidi kwenye pikipiki kubwa. Sisi wa pikipiki ndogo kama Boxer na TVS tuna njia yetu, kwa kuwa magurudumu ni mawili na kazi zake hazifanani: nyuma nunua la kudumu, mbele nunua la kushika.

Gurudumu la nyuma ndilo linalovutwa na mnyororo, na ndilo linalobeba abiria na gunia lake. Kwangu mimi, tairi moja la mbele huwa linazika mawili ya nyuma. Lakini ukikamata breki uzito mwingi unakimbilia mbele. Nyuma ikiteleza, mara nyingi unaachia breki na pikipiki inanyooka. Mbele ikiteleza, umeshalala chini, wewe na mama wa watu uliyempakia. Ndiyo maana tabia ya kuhamishia mbele tairi la nyuma lililochoka, "limalizikie huko", naipinga kwa moyo wote.

Kwa gurudumu la nyuma, naanza na tairi la kashata za wastani, yaani mabonge ya mpira yanayogusa barabara: yamekaribiana katikati na yana nafasi pana kidogo pembeni. Katikati panagusa lami kwa eneo kubwa, kwa hiyo halimaliziki haraka. Pembeni panakusaidia ukiacha lami na kuingia kwenye mchanga na makorongo, na safari zetu nyingi huishia huko. Kama kazi yako ni mjini na mtaani kwa pamoja, usitafute zaidi.

La pili ni tairi la lami lenye mifereji membamba. Kwa anayeshinda barabara kuu tangu asubuhi mpaka usiku, hili ndilo litakalokaa muda mrefu kuliko yote, na linatembea kimya. Lakini siku ukipata abiria wa ndani kwenye tope utashuka usukume.

La tatu ni la kashata kubwa zilizoachana, lile ambalo wengi hulipenda kwa macho. Kwa anayebeba mazao kwenye udongo mwekundu wa Njombe au njia za mashamba, hilo ni la kwanza bila mjadala. Kwenye lami ni hasara. Vijibonge vichache ndivyo vinavyogusa barabara, vinajipinda, vinapata moto na kulika, na breki ya ghafla kwenye lami yenye maji inakupeleka mbali kuliko ulivyotarajia.

Tairi la kuchonga, yaani kipara kilichokatwa mifereji mipya kwa kisu, halimo kwenye orodha yangu. Aliyechonga hakuongeza mpira, amepunguza uliobaki mpaka karibu na nyuzi.

Mbele hakuna mjadala mrefu. Chukua lenye mistari inayozunguka tairi zima, yenye vijibonge pembeni, na uchague mpira laini kuliko wa nyuma. Mistari hiyo inaweka usukani sawa na kutoa maji. Dukani bonyeza ukucha kwenye kashata za matairi mawili yanayofanana, uone lipi linakubali kuingia. Si kipimo cha maabara, lakini kinatofautisha mpira hai na mpira uliokauka.

Kuhusu majina: MRF na CEAT za India zina matairi ya saizi zetu. CEAT wana toleo la Milaze, lililolengwa kudumu, kwa hiyo hilo lifikirie kwa nyuma. Nylogrip ya MRF nayo inajulikana siku nyingi. Lakini jina lisikufumbe macho usisome ubavu wa tairi, maana huko ndiko kwenye ukweli.

Saizi kwanza. Boxer nyingi ni 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma, na zipo pikipiki nyingine zenye rimu ya 18, kwa hiyo soma lililofungwa sasa. Baada ya saizi kuna namba ya uzito: 47 ni kilo 175, 50 ni kilo 190, 52 ni kilo 200. Huo ni uzito unaobebwa na gurudumu hilo moja likiwa na upepo wa kutosha. Wa mishikaki, wanaopakia abiria zaidi ya mmoja, wapige hesabu wenyewe. Kwa nyuma usishuke chini ya 50.

Kisha tafuta tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa. 1424 maana yake wiki ya 14 ya mwaka 2024. Tairi lililoning'inizwa nje ya duka likipigwa jua miaka minne limeshakuwa gumu, hata kama lina nywele zake zote za kiwandani. Likunje kidogo uangalie nyufa kati ya kashata. Rimu ya spoku inahitaji tyubu, na tairi jipya lipate tyubu mpya, kwa sababu ya zamani imeshatanuka na ikijikunja ndani itakupa pancha wiki ileile.

Tairi zuri linauawa na upepo mdogo kuliko na barabara mbaya. Kwa pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150, mbele ni karibu PSI 25 (PSI ni kipimo cha upepo), nyuma 28 ukiwa peke yako na 32 ukipakia. Hakikisha kwenye kitabu cha pikipiki yako. Pima asubuhi tairi likiwa la baridi. Kubonyeza kwa kidole gumba hakuonyeshi tofauti ya 24 na 32. Na kilomita 100 hadi 150 za mwanzo nenda taratibu, hasa kwenye kona, maana ngozi ya tairi jipya inateleza mpaka isuguliwe na barabara.

Fundi akimaliza kufunga, mwambie alikate ubavu tairi la zamani mbele yako, lisije likachongwa na kuuzwa tena. Tyubu ya zamani ondoka nayo. Ukiikata vipande virefu unapata mipira ya kufungia mzigo.