Boriti za chuma za kubeba ghorofa: ipi ununue kwanza

Ukifika yadi ya vyuma, usianze kuulizia unene. Ulizia kimo, yaani urefu wake kutoka chini hadi juu ikiwa imelazwa mahali pake. Boriti inayobeba sakafu hukataa kupinda kwa sababu ya kimo chake kuliko kitu kingine chochote, na wasiolijua hili hulipia kilo nyingi za chuma kisicho na faida kwao.

Nafasi ya kwanza naipa IPE, boriti ya umbo la I ya vipimo vya Ulaya, yenye kimo kikubwa na upana mdogo. Ilinganishe na HEA, ile ya umbo la H iliyo pana: IPE 300 na HEA 200 zote zina kilo 42 na ushei kwa mita, na kwa kuwa chuma huuzwa kwa uzito, bei haziachani sana. Lakini IPE 300 ina kimo cha milimita 300, HEA 200 ina 190 tu, na kwa hiyo ya kwanza ni ngumu kupinda zaidi ya mara mbili. UB, boriti kama hiyo ya vipimo vya Uingereza, hufanya kazi ileile, chukua inayopatikana.

HEA ni ya pili. Inunue pale dari isiporuhusu boriti ya kimo kikubwa, au unapotaka nguzo. Kwenye nguzo inaipita IPE, kwani IPE ni dhaifu ikisukumwa ubavuni.

HEB, pana kama HEA ila nene zaidi, naiweka ya tatu. HEB 200 ina kilo 61.3 kwa mita, na nyumba ya kawaida ya ghorofa moja ni nadra kuihitaji. Subiri mhandisi aitaje.

Boriti za mitumba zije mwisho kabisa, hasa zilizoliwa na kutu au zenye matundu ya zamani katikati.

Utauziwa pia chuma cha daraja la S355 kwa sifa kwamba ni imara kuliko cha S275. Ni kweli inastahimili mzigo mkubwa zaidi kabla ya kupinda isirudi tena, ila ugumu wake ni uleule. Sakafu inayotikisika kwa S275 itatikisika vilevile kwa S355 ya saizi hiyohiyo.

Kabla ya kulipa, dai cheti cha kiwanda, kisha pima boriti kwenye mizani. IPE 200 ya mita 12 inapaswa kuwa na kilo 269 hivi, na kiwango cha Ulaya huruhusu tofauti ya asilimia 4 tu. Ikishuka chini ya kilo 258, iache hapohapo yadini, hata kama lori limeshafika.